Utulivu wa Mama na Sinia Yake ya Mabele

Kazi yangu ni kutwanga lituma. Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, zinachemshwa mpaka zilainike, zinatiwa kinuni zikiwa bado zinatoa mvuke, na hapo unatwanga bila kuinua kichwa, kwa sababu lituma haingoji. Ikipoa kabla hujaimaliza inabaki na madonge. Na mteja wa Mangobo, mtaa wetu hapa Kisangani, akikuta donge kwenye lituma yake hakugombezi. Anamaliza kula kwa adabu, anakushukuru, na kesho yake unamwona amekaa kwenye malewa ya jirani. Malewa ndivyo tunavyoita vibanda vyetu vya chakula, na changu kiko karibu na soko: mabati juu, mabenchi chini, na kinu nilichoachiwa na shangazi yangu alipozeeka.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ndio mwaka nilioanza kuacha madonge.

Kwanza nililaumu makemba. Nikagombana na mama aliyekuwa akiniletea, nikatafuta mwingine, na madonge yakabaki palepale. Nikalaumu mchi, nikanunua mwingine mwepesi zaidi. Nikalaumu joto, ingawa joto la Kisangani nimezaliwa nalo. Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa inakataa. Nilikuwa nikipiga mapigo machache kisha natafuta kisingizio cha kusimama: nachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa, nafuta benchi ambalo ni safi. Nikipanda kutoka ufukoni kwa wavuvi na beseni la samaki kichwani, nilikuwa nasimama njiani na kujifanya natafuta kitu kwenye fundo la kitenge, kumbe nangoja moyo uache kunipiga masikioni. Nililala nimechoka, nikaamka nimechoka zaidi, utadhani usiku kucha kuna mtu alikuwa ananitumikisha.

Mume wangu anaendesha pikipiki ya abiria. Ni mtu wa maneno mengi na roho nzuri, na hana kipaji cha kunyamaza. Jioni moja alinikuta nimekaa kwenye kiti mlangoni, mikono mapajani, sina ugomvi na mtu yeyote, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

“Tangu siku hizi unaanza kufanana na mama yako,” akasema. “Mutulivu. Iko muzuri kabisa.”

Alidhani ananisifu. Mimi niliogopa.

Inabidi nieleze mama yangu alikuwa mtu gani. Alikuwa mtu wa kukaa. Akina mama wengine wa mtaani kwetu walikuwa wanatukimbiza na mwiko. Yeye alikuwa anaita jina mara moja, kwa sauti ya chini, na asipoitikiwa anaacha. Mkononi au pajani alikuwa na sinia yake ya mabele, udongo wa kula, ambao ndio biashara iliyotulea. Udongo huo ulikuwa unakuja kwa mtumbwi kutoka upande wa kwao, Isangi, ukiwa mabonge makubwa yenye unyevu. Mama aliukanda, akautengeneza vipande vya urefu wa kidole, akaukausha juu ya bati, kisha akauning’iniza juu ya moshi wa jiko mpaka upate ile harufu ya mvua ya kwanza. Akina mama wenye mimba walikuwa wateja wake wakubwa, lakini wengi walikuwa wanaendelea kununua hata baada ya mimba kuzaliwa, kutembea na kwenda shule.

Papa yangu, aliyekuwa fundi wa mitambo ya boti na mtu wa furaha kupita kiasi, alikuwa anajivunia utulivu huo mbele ya wenzake. Mke wangu hapigi kelele, alikuwa anasema. Siku za Jumapili alikuwa anatupeleka wote mahali penye muziki na viti vya plastiki, na rumba ikianza ananyoosha mkono kwa mama. Mama alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu. Basi papa anacheza na dada yake, au nami nikiwa nimesimama juu ya viatu vyake, na mama anatutazama kutoka kwenye kiti, anatafuna kipande cha mabele taratibu. Sikumbuki hata siku moja ambayo mama alisimama. Tulimwona ni mtu wa namna hiyo, kama vile mwingine ni mrefu na mwingine ni mfupi, na papa alikufa akiwa na hakika kwamba alioa mwanamke mtulivu kuliko wote wa jimbo zima.

Mimi nilichukua damu ya papa. Nina mdomo, nina haraka, na sijawahi kukaa bila sababu. Kwa hiyo mume wangu aliposema ninafanana na mama, niliona kiti kile kikinisubiri. Nikikaa mimi, kinu nacho kimekaa. Pikipiki leo inatembea, kesho iko kwa fundi, lakini chungu cha malewa kilikuwa ndicho kinacholisha watoto wetu kila siku, na hakuna mwingine nyumbani aliyejua kutwanga. Niliamua kwamba sikubali, nikaanza kutafuta dawa.

Kutafuta dawa Mangobo si kazi ngumu, kwa maana kila mtu anayo. Mwenye duka la dawa alinitazama kutoka nyuma ya meza yake na kuniambia ni malaria na tifoidi. Kwetu ukiingia mahali popote penye dawa unatoka na malaria na tifoidi, hata kama ulikwenda kwa sababu ya jino. Nilimeza vyote alivyonipa. Jirani akaniambia damu yangu imepungua, na hapo kumbe alikuwa karibu na ukweli, lakini dawa yake ilikuwa juisi nyekundu ya chupa iliyochanganywa na nyanya ya kopo na maziwa ya makopo. Kitu chekundu kinaongeza kitu chekundu, ndiyo hesabu yenyewe. Nilikunywa kwa juma zima nikiwa nimeziba pua, na nilichoongeza ni kiungulia.

Kisha akaja mama wa maombi kutoka kanisani kwetu, akakaa kwenye benchi, akala sahani yake, akaniangalia machoni kwa muda mrefu.

“Ni mume ya usiku,” akasema. “Iko anakuya wakati unalala, anakukamata nguvu yote. Ndiyo maana asubui unaamuka unachoka.”

Mume wangu wa mchana alikuwa amekaa benchi la pili, anangoja chakula chake. “Alors,” akasema, “kama iko mwanaume mwingine mu nyumba, amusaidie kutwanga.”

Mama wa maombi hakucheka. Mimi nilicheka, kisha ikanibidi nishike nguzo, kwa sababu hata kucheka kulikuwa kunanimaliza pumzi.

Lakini dawa niliyoipenda na kuiamini kuliko zote ilikuwa ya mama. Alikuwa anakaa mtaa wa pili, na nilipita kwake kila jioni. Vipande vizuri kabisa vya mabele, vile vilivyoiva kwa moshi mpaka vinavunjika kwa mlio, havikuwa vya kuuza. Alikuwa ananifungia kwenye jani.

“Kula, mwanangu. Itakupatia nguvu,” alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya chini. “Mimba yangu yote nilibebaka na hii.”

Nikala. Nilikuwa nimekula mabele tangu utoto, lakini mwaka ule nilikula kwa njaa ambayo sikuielewa. Niliweka kipande kwenye fundo la kitenge, kingine chini ya mto, kingine kwenye kikapu cha chumvi. Kadiri nilivyochoka ndivyo nilivyotamani, na kadiri nilivyotamani ndivyo mama alivyofurahi kunivunjia vingine. Hakuna mtu aliyenipenda mwaka ule kuliko yeye, na nilikuwa naona upendo huo unavyoniteremkia kooni.

Siku moja, saa za mchana, malewa ikiwa imejaa, mchi ulinitoka mikononi. Uligonga chungu cha samaki, mchuzi ukamwagika kwenye majivu, na mimi nikakaa chini kwenye mchanga na kushindwa kuinuka. Wateja walinizunguka. Nilikuwa nawasikia kwa mbali, kama watu wanaozungumza ng’ambo ya mto. Mume wangu aliitwa, akaniweka kwenye pikipiki mbele ya tumbo lake kama mtoto, akanipeleka kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye koti jeupe na kandambili. Hakuniuliza nilichoota. Aliweka kidole gumba chini ya jicho langu, akavuta ngozi chini, akaangalia ndani.

“Ndani huku inapashwa kuwa nyekundu,” akasema. “Yako iko nyeupe sawa bunga ya muhogo. Unatokaka damu mingi kila mwezi?”

“Mingi. Tangu nilizala mutoto ya mwisho.”

“Na unakulaka mabele.”

Hakuuliza, alisema tu. Nikapitisha mkono mdomoni na vidole vikatoka na vumbi.

“Nani anakuuzishaka?”

“Hapana kuuzisha. Mama yangu ndiye anatengenezaka.”

Aliweka kalamu chini. “Bon. Usikasirike na mama. Na mi nilikulaka, mimba zote mbili. Lakini mabele inakamataka chuma ya chakula ndani ya tumbo, inatoka nayo inje. Damu inakosa kitu ya kuijenga. Na damu ikipunguka, mutu anatamani mabele zaidi. Donc unakula juu ya kuchoka, na unachoka juu ya kula.”

Walinitoboa kidole, wakapima, na kipimo kikakubaliana na kidole gumba chake. Akanipa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, akanionya kwamba choo kitakuwa cheusi nisije nikakimbilia tena kwa mama wa maombi, akaniambia nile sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, maini nikipata, na limau juu yake. Mabele, hata kipande kimoja, hapana. Damu ya kila mwezi nayo tungeitazama baadaye. Nilipokuwa natoka akaniita tena. “Kuchoka iko na sababu mingi. Sukari, moyo, figo, mawazo. Kama dawa haisaidie, rudia, tutatafuta ingine.”

Vidonge sikuviogopa. Nilichoogopa ni kwenda kumwambia mama.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Alikuwa amekaa mahali pake, kiti chini ya ukingo wa bati, sinia pajani, jani langu limeshafungwa tayari. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumzungusha, lakini mdomo wangu haukujaliwa kuzungusha, nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Nilimwambia kuhusu chuma, kuhusu tumbo, kuhusu kutamani. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nilikuwa naiangalia ile sinia.

Nilitegemea alie, au anifukuze. Mama alifunika sinia kwa kitambaa.

“Sawa,” akasema.

Basi, sawa tu. Kisha, kwa sababu alikuwa mama na alitaka kuelewa mwanae amepatwa na nini, akauliza, “Banaangaliaka wapi, hii damu?”

“Hapa,” nikasema. Ili kumwonyesha, nikaweka kidole gumba changu chini ya jicho lake, kama nilivyowekewa mimi, nikavuta.

Hapakuwa na wekundu hata kidogo. Muuguzi alikuwa amenionyesha langu kwenye kioo kidogo, na nilidhani nimeona weupe, kumbe bado. Nikavuta jicho la pili, na lilikuwa lilelile. Mama alikuwa ananitazama kwa subira, uso wake mkononi mwangu, anangoja nimalize.

“Mama,” nikasema, “weye unachokaka?”

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

“Kuchoka namna gani?”

“Ukiamuka asubui. Ukitembea. Moyo kupiga, masikio kulia.”

“Ah, ile.” Akaonekana kupata nafuu, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi. “Ile haiko kuchoka. Ile ndiyo mi.”

Nimesikia maneno mengi ya kuumiza maishani, mengine nimeyasema mwenyewe, lakini hakuna yaliyonikata kama hayo, na aliyasema akitabasamu.

Kesho yake alipanda pikipiki ya mkwe wake kwa mara ya kwanza, kitambaa kichwani, macho yamefungwa njia nzima. Muuguzi alipomaliza kumtazama alivuta karatasi na kalamu. Alimtuma hospitali kubwa apimwe damu na choo na vingine, kwa kuwa mtu wa umri wake hapewi vidonge tu na kurudishwa nyumbani. Walimkuta na minyoo ya miaka na miaka, ile inayoingia kwa nyayo na kunywa damu kimya kimya, na juu yake mabele ya maisha mazima. Daktari aliuliza tangu lini amekuwa hivi. Mama akamwambia kwamba kaka yangu mkubwa alipozaliwa, tayari alikuwa hivyo.

Mwanzoni hakuwa mgonjwa mwema. Alimeza vidonge mbele yetu na mabele nyuma yetu, mpaka mume wangu akamfuma nyuma ya jiko na mashavu yamejaa, wote wawili wakaona haya. Mimi ndiye niliyebeba sinia na kuondoka nayo. Nilimwambia auze kitu kingine, akasema hajui kingine, nikamwambia atajifunza. Wateja wake walinilaumu sana mwezi ule, na wawili kati yao niliwavuta macho hapohapo sokoni na kuwatuma kituo cha afya.

Nguvu zangu zilirudi polepole, sikujua siku gani. Nilijua tu kwamba asubuhi moja kinu kilikuwa tupu na mimi bado nilikuwa natafuta cha kutwanga. Nikatamani ugomvi, nikaupata, nikafurahi.

Za mama zilichukua muda mrefu zaidi, na zilikuja kwa namna ambayo hakuna aliyetuandaa kwayo. Kwanza kiti kilianza kukutwa tupu. Unapita jioni, mama hayupo, ametembea. Ametembea wapi? Ametembea tu. Kisha siku moja nikiwa malewani nikasikia ugomvi unatoka upande wa wauza makemba, sauti ya mwanamke, kali, yenye maneno ya kuchoma, nikaacha mchi nikaenda kuona ni nani huyo anayejua kutukana vizuri hivyo. Alikuwa mama yangu. Alikuwa ameshika ndizi iliyooza na kumwonyesha muuzaji mbele ya soko zima, na alikuwa anafurahia kila neno.

Kanisani akahamia mstari wa mbele wa kwaya na kuwaambia wenzake wanaburuta wimbo. Akawakimbiza wajukuu na mwiko. Akaanza kuuza samaki wa moshi, akagombana na wavuvi, akawashinda. Mume wangu, yule aliyependa utulivu, sasa anazima pikipiki kabla ya kufika kona ya kwa mama na kuisukuma kwa mikono, asisikike.

“Mama yako banamubadirisha huko opitali,” akaniambia. “Turudishe huyu, batupatie ule ya zamani.”

Tulicheka sana. Lakini usiku ule nilibaki nawaza, na baadaye pia, na nawaza mpaka leo. Hakubadilishwa. Huyu ndiye aliyekuwapo siku zote, mwenye mdomo na haraka kama mimi, amekaa ndani ya yule mwingine, anakosa nguvu ya kufungua mlango. Nilijua sasa kwamba damu yangu ya ugomvi haikutoka kwa papa peke yake. Nilikutana na mama yangu akiwa bibi wa wajukuu, na ninaona uchungu kwa miaka yote ile tuliyomsifu.

Juzi alikuja malewani wakati wa mchana, akanitazama ninavyotwanga, akaninyang’anya mchi. “Toa. Unatwanga sawa mutu ya usingizi.” Akatwanga. Nikakaa kwenye benchi, mimi na wateja, tukimtazama. Kwenye baa ya ng’ambo ya barabara umeme ulikuwa umerudi, na wakaweka rumba ya zamani, ya miaka ya papa. Niliona mapigo ya mchi yanaanza kufuata muziki, na mabega yake nayo.

“Papa yako aliniombaka nicheze naye,” akasema bila kusimama. “Kila siku ya Mungu.”

“Najua. Weye haukupendaka kucheza.”

Mchi ukasimama hewani.

“Nani alikuambia? Nilipenda kabisa.” Akapangusa jasho kwa mgongo wa mkono. “Ni pumzi tu ilikosa. Nikawaza, kesho.”

Nililia palepale, na wateja wakadhani ni moshi. Yeye hakuningoja. Aliinamia kinu na kuendelea, kwa sababu lituma ilikuwa inapoa.